Nani Amebaki kwenye Simu?

Tulipomzika Mwalimu Daudi mwezi uliopita kule Ikungi, mimi, Mkumbo na Zuhura tulikaa nyuma kabisa karibu na masufuria, kwa sababu sisi watatu hatuwezi kukaa mbele kwenye msiba wowote tukaaminika. Mama mmoja aliyekuwa anachambua mchele pembeni yetu alitutazama kwa muda, mwisho akashindwa kuvumilia. "Jamani, nyie na marehemu mlijuana wapi? Maana huyu baba anaongea kama Mnyiramba wa Iguguno, dada anasema katokea Itigi, na wewe naona ni wa mjini." Mkumbo, ambaye siku hizi ana kitambi cha mtu wa kupewa kiti, akajibu bila kupepesa macho, "Msibani, mama. Hapa hapa, kwenye uwanja huu huu." Zuhura akaziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Mimi nikainamisha kichwa mpaka magotini, mabega yakaanza kunicheza, na mama wa watu akadhani nimezidiwa na kilio, akaniletea maji ya kunywa. Nikanywa. Ningefanyaje?

Lakini Mkumbo hakudanganya. Mwaka ule tulipokutana nilikuwa kiongozi wao, nilikuwa nimefanya nao kazi tangu Januari, nazijua sauti zao kuliko ninavyojua sauti ya mtu yeyote, na sura zao sikuwa nazijua. Kampuni yetu ilikuwa inauza taa za sola, makao yake makuu yakiwa Dar es Salaam. Taa ikigoma, mteja anapiga simu ya huduma kwa wateja, na mtu anayepokea anamwelekeza mpaka iwake. Siku zote simu hizo zilikuwa zinapokelewa Dar, kwenye ukumbi mmoja mkubwa wenye viyoyozi. Mwaka ule wakaamua kujaribu kitu kipya: simu za kanda ya kati zipokelewe na watu wa huku huku, kila mtu akiwa nyumbani kwake, bila ofisi. Mimi nilikuwa nimefanya kazi kwenye ule ukumbi wa Dar, nikarudishwa Singida kuwatafuta watu watatu na kuwaongoza. Niliwasaili kwa simu, vifaa nikawatumia kwa mabasi. Meneja wetu, Bwana Kaniki, aliniambia siku ananikabidhi vifaa, "Veronika, hili ni jaribio la mwaka mmoja. Likishindikana, wewe nitakutafutia kiti hapa. Wenzako itabidi tuagane nao." Nikamwambia halitashindikana. Sikuwa hata nimefika miaka thelathini, mdomo ulikuwa mwepesi.

Hebu niseme vile vyumba vilikuwaje, maana vijana ninaowafundisha sasa wakisikia kazi ya kufanyia nyumbani wanafikiria meza nyeupe na ua kwenye chupa. Mimi nilipanga chumba Mwankoko, pembezoni mwa mji wa Singida, kwa mama mmoja mjane aliyelima alizeti na kuhifadhi mavuno humo humo chumbani kwangu, kwa makubaliano kwamba kodi itapungua. Magunia yalijaa ukuta mzima. Mwanzoni yalinikera, nikilala nawashwa, lakini baada ya wiki nikagundua kwamba nikikaa katikati yake kelele za barabarani zinapungua, sauti inatoka safi kama ya redioni. Dirishani nilitundika blanketi. Mama mwenye nyumba alikuwa anapita nje na kumwambia jirani, "Huyu binti ni mzuri, ila anaongea mwenyewe. Tumwombee." Saa saba mchana ananigongea na bakuli la mlenda na ugali wa uwele, nami nakula na visikilizio vya masikioni vikiwa vimening'inia shingoni, sikio moja kwa mteja wa Kondoa ambaye ameambiwa asubiri kidogo.

Mkumbo alikuwa Iguguno, chumba cha uani nyuma ya mashine ya kukamua alizeti. Mtandao ulishika vizuri pale tu, kwingine kote simu ilikuwa inakatakata maneno. Kwa hiyo wateja wake wote walisikia ile mashine ikinguruma, na Mkumbo, kijana wa maneno mengi, alikuwa anawaambia, "Samahani mama, hapa kiwandani kuna kazi," wakaamini anatengeneza taa. Alimfuata mwenye mashine, Mzee Kiula, akamwomba walau aizime saa za asubuhi. Mzee Kiula akamjibu, "Mimi nizime mashine kwa sababu ya mtu anayeongea na ukuta? Kijana, tafuta kazi." Zuhura alikuwa Itigi, nyumba ya pili kutoka relini, ana mtoto mchanga mgongoni na mama mkwe sebuleni. Treni ya mizigo ikipita ananyamaza, mteja naye ananyamaza, wanaisubiri wote iishe, kisha wanaendelea. Kupitia kwenye simu nilikuwa namsikia mama mkwe wake akilalamika kwa wageni, "Mwali wangu huyo yupo nyumbani kutwa nzima, maji hachoti, mtama hapepeti, ukimwita anakuonyesha kidole kwamba yuko kazini. Kazini! Kakaa kwenye mkeka!"

Na Mwalimu Daudi, wa Ikungi. Alikuwa amestaafu ualimu wa shule ya msingi, na nilimchukua kwa sababu alikuwa anaongea Kinyaturu, Kinyiramba na Kigogo, na wateja wetu wengi wazee Kiswahili kinawaishia njiani. Taabu ilikuwa ni jinsi ya kumwongoza. Mtu amemzidi baba yako umri, utamwambiaje amekosea? Alikuwa anakaa na mteja mmoja muda ambao mwenzake anahudumia watano. Taa inawaka dakika ya kwanza, zinazobaki anamuuliza mteja amesoma wapi, nani alikuwa mwalimu mkuu, na kwa nini mwanawe hajaanza shule. Nilikuwa napiga simu kumrekebisha, nimeshapanga maneno. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba, mwanangu. Najua umekuja kunisema. Haya, niseme." Basi! Nguvu zinaniisha, naanza kumuuliza habari za mvua. Mwishowe nikapata njia: wateja waliokuwa wanapiga wakitukana, wote nikawa nawapeleka kwake. Mtu anaanza kufoka, anasikia sauti ya mwalimu wa darasa la tatu ikimuuliza jina lake kamili, anatulia mwenyewe.

Sasa msiba. Mwezi wa nne mama yake Mwalimu alifariki. Alikuwa bibi wa miaka mingi sana, ameona vitukuu, na Mwalimu alitutumia ujumbe mfupi kwamba mazishi ni kesho. Huku kwetu ujumbe wa namna hiyo haujibiwi kwa maneno, unajibiwa kwa miguu. Mimi nikajisemea, kiongozi nisipoenda nitamwangalia Mwalimu kwa uso gani? Itigi ni mbali, Zuhura atabaki kwenye simu, na Mkumbo atamsaidia. Mkumbo naye alijisemea hivyo hivyo: Itigi ni mbali, Zuhura atabaki, na dada Vero ni kiongozi, hawezi kuacha kituo. Na Zuhura? Zuhura mwezi wa pili alikuwa amekosa msiba wa mtaani kwake kwa ajili ya simu. Alituma rambirambi, hakupeleka miguu. Wanawake wa chama chao cha kuzikana wakamwita na kumwambia wazi, "Siku yako ikifika, tutakutumia na sisi kwenye simu." Alilia siku mbili. Tangu hapo akaapa kwamba hapitwi tena na msiba wa mtu anayemfahamu, hata uwe wapi. Akapanda basi alfajiri, mtoto mgongoni.

Nilifika Ikungi jeneza likiwa bado ndani ya tembe la bibi, lile la zamani la udongo ambalo Mwalimu alikataa kulibomoa hata baada ya kujenga nyumba ya bati. Nikaweka kanga kiunoni, nikaenda jikoni kama mgeni yeyote mwenye adabu. Kuna dada mwembamba alikuwa anakoroga sufuria la ugali kwa nguvu zake zote, mtoto amelala mgongoni, na akasema kumwambia mwenzake, "Sogeza kuni huko." Nikasimama. Sauti ile! Nikamwangalia, naye akanigeukia kwa sababu nilikuwa nimeshasema "shikamooni" kwa wale akina mama, na sauti yangu alikuwa ameisikia kila siku asubuhi tangu Januari. "Dada Vero?" "Zuhura?" Tukakumbatiana, mwiko ukiwa katikati yetu, ugali unatuchafua. Tulifurahi sana, Mungu wangu, mpaka mama mmoja akatukemea kwamba hii si harusi. Kisha tabasamu la Zuhura likaanza kushuka taratibu. "Dada, kama wewe upo hapa... Mkumbo ndiye amebaki kwenye simu?" Sijamjibu, nyuma yetu kuna kijana mrefu anashusha mzigo wa kuni aliotoka nao kichakani, anasema kwa ile sauti ya kiwandani, "Mkumbo yupi? Mkumbo ndiyo mimi."

Tuliangaliana sisi watatu. Mkoba wangu ulikuwa unatetemeka begani tangu nishuke kwenye gari, na nilikuwa nimedhani ni watu wa nyumbani wananitafuta. Kanda ya kati nzima ilikuwa inapiga simu na hakuna mtu. "Msionyeshe kitu usoni," Mkumbo akasema, "tukapokelee nyuma ya zizi." Tukaenda. Mmoja kakaa kwenye kinu kilicholazwa, mwingine juu ya jiwe, mimi nimechuchumaa, tunapokea simu moja baada ya nyingine huku upande wa pili wa ukuta kwaya inaimba na mabinti wa marehemu wanalia kwa sauti. Mzee mmoja wa Bahi alikuwa anieleze kuhusu taa yake, akaacha. "Binti, huko mnalilia nini?" Nikashindwa kumdanganya. "Tuko msibani, baba. Mwenzetu wa kazi amefiwa na mama." "Oh! Poleni sana. Alikuwa anaumwa?" "Ni uzee tu, baba." "Basi mpeni pole. Taa yangu isubiri, nitapiga kesho." Akakata. Na huyo hakuwa peke yake. Mwalimu aliyekuwa amefiwa alipotukuta nyuma ya zizi alisimama akatuangalia, nikadhani atakasirika. Akasema, "Mmekuja wote?" Tukaitikia kwa vichwa. Machozi yakamtoka, ndiyo mara ya kwanza siku ile.

Dar hawakulia. Simu zote zilikuwa zinarekodiwa, na Bwana Kaniki alizisikiliza moja baada ya nyingine. Alinipigia asubuhi ya siku ya tatu. Hakunisalimia. "Veronika, nusu siku nzima simu zimelia hazikupokelewa. Halafu zikaanza kupokelewa, nikasikia watu wanazika. Mteja anampa pole mhudumu! Niambie, hii ni nini?" Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, hilo nampa haki yake, kisha akasema kwa upole ambao ulinitisha kuliko ukali, "Mimi pia nina kwetu, naelewa misiba. Lakini huduma kwa wateja haifanyiki kwenye moshi wa kuni. Wakuu wanataka kufunga sasa hivi. Nimewaomba wasubiri mpaka Desemba kama tulivyokubaliana. Msiniangushe tena, maana mkirudia hata mara moja sitaweza kuwatetea." Nilipokata simu nilikaa kwenye magunia yangu nikahesabu ni nani ataumia. Mimi ningepewa kiti Dar. Mwalimu alikuwa na mashamba yake. Lakini Mkumbo alikuwa ameacha kazi ya duka Singida kwa ajili ya maneno yangu, na Zuhura ule mshahara ndio uliokuwa unafanya aitwe mtu ndani ya ile nyumba. Nilikasirika. Sikumkasirikia Kaniki, nilikasirishwa na ule ukumbi wenye viyoyozi, kwamba ndio peke yake unaoitwa kazini. Nikasema hawafungi. Nikasema kwa sauti, na mama mwenye nyumba akaitikia kutoka nje, "Hawafungi nini, mwanangu?"

Kuanzia hapo tulibadilisha namna ya kuanza siku. Dar walikuwa wametufundisha kwamba kiongozi anawaunganisha watu wake asubuhi na kuwapa malengo. Mimi nikawa nawaunganisha na kuuliza habari za nyumbani, na habari za kweli, si zile za "salama tu." Nani anaumwa? Nani ana mgeni? Wapi kuna mavuno, wapi kuna ngoma, wapi kuna maiti? Kila mtu anasema ya kwake bila aibu, na kutokana na hayo ndiyo napanga zamu za siku ile. Kukiwa na msiba Itigi, Zuhura anaondoka saa anayotakiwa, anaosha vyombo, anakaa na wafiwa, na sisi watatu tunajua kabisa kwamba ameondoka na tunachukua simu zake. Hakuna tena kudhani. Mwalimu aliipenda sana hii asubuhi yetu, ilimfanya aongee haja yake yote kabla ya kumfikia mteja. Ikafika mahali nikisikia jogoo wa Ikungi, mashine ya Iguguno na treni ya Itigi kwa pamoja kwenye sikio moja, najua wote wapo, siku imeanza.

Ndivyo ilivyotokea kwamba mwezi wa nane, baba yake Mzee Kiula, yule mwenye mashine, alipofariki, Mkumbo alikuwa miongoni mwa waliochimba kaburi. Alichimba kutwa, na ile ardhi ya Iguguno wakati wa kiangazi ni mawe matupu. Jioni Mzee Kiula akamshika mkono, "Kumbe na wewe ni mtu." Mkumbo alitusimulia kesho yake asubuhi akiwa ameudhika kweli, "Yaani siku zote alikuwa ananiona mimi nani?" Na Itigi, Zuhura alipandishwa cheo kwenye chama cha kuzikana, akawa ndiye anayepanga nani alete nini. Mama mkwe akaanza kumtetea mbele za watu. "Mwali wangu ni mtu wa ofisi," nilimsikia kwa masikio yangu, "ila misiba yote anahudhuria. Nyie mabinti zenu wanauza nini?"

Desemba ikafika na mvua zake. Tulikuwa tunasubiri uamuzi mwisho wa mwezi, na nilikuwa sili vizuri. Jumatatu moja asubuhi, tumemaliza tu kusalimiana, Bwana Kaniki akapiga. Sauti ilikuwa juu, nyuma yake watu wanapiga kelele. Mvua ya Dar ilikuwa imenyesha usiku kucha, maji yameingia chini ya jengo mpaka kwenye mitambo ya umeme, barabara zimekatika, na wafanyakazi wake wengi wamekwama majumbani bila vifaa. "Veronika, simu za nchi nzima nawaletea nyie. Sina pengine pa kuzipeleka. Na ni siku ya mawingu kila mahali, taa za watu hazijachaji. Mtaweza?" Nchi nzima, watu wanne! Nikasikia mdomo wangu mwepesi unasema, "Lete."

Niliwaunganisha wenzangu nikawaambia kama ilivyo. Kisha Zuhura akasema, "Dada, hii si kazi tena. Hii ni shughuli. Na shughuli huwa hatufanyi peke yetu." Nikamsikia anaweka simu chini na kutoka nje kuita, na baada ya muda usio mrefu nikasikia nyumba inajaa kandambili. Wale wanawake wa chama walikuja wote, kama vile kuna maiti, ila bila maiti. Mmoja alimchukua mtoto, wawili wakashika jiko, mwingine akakusanya watoto wa mtaa mzima na kuwapeleka mbali, na mama mkwe akakaa mlangoni na fimbo kuzuia wageni. "Ongea wewe," nilimsikia akimwambia Zuhura. "Ongea, mwanangu, sisi tupo." Iguguno, Mkumbo alikimbia kwa Mzee Kiula kumwomba, na hakuwa amemaliza kusema shida yake, yule mzee akanyanyua mkono na ile mashine ikanyamaza. Wateja walikuwa wamepanga foleni na alizeti yao, wakanung'unika. Mzee Kiula akawaambia, "Leo kijana wangu anaongea na nchi nzima. Mwenye haraka akakamue Singida." Ule ukimya niliusikia Mwankoko, nikatokwa na machozi nikiwa naendelea kumwelekeza mteja wa Mtwara.

Jamani, tulipokea simu! Mwanza, Mbeya, Kigoma, Pemba, watu ambao lafudhi zao nilikuwa nazisikia redioni tu. Mama mmoja wa Tanga nilimwambia, "Paneli yako itakuwa imepata kivuli, sogeza," akacheka, "Mwanangu, wewe u mtu wa bara kabisa, waniamrisha kama askari!" Nikamwomba radhi, akasema niendelee hivyo hivyo, maana taa imewaka. Ilipofika mchana mvua ikatufuata na sisi. Anayejua mvua ikipiga kwenye bati anajua kwamba hapo hata mtu anayekupigia kelele usoni humsikii. Nikahamisha magunia, nikajenga kama pango, nikaingia katikati, mama mwenye nyumba akanifunika na blanketi la dirishani na jingine la kwake juu. Nilikuwa natoka jasho kama naumwa malaria. Kila baada ya muda mkono unaingia chini ya blanketi na kikombe cha uji. Mwalimu ndiye aliyekuwa na akili kuliko wote: alitoka kwenye nyumba yake ya bati akahamia kwenye tembe la marehemu mama yake, chini ya udongo mnene, ambako mvua hata haisikiki. Linavuja tu. Mjini umeme ulikatika, lakini simu zetu tulikuwa tunazichaji kwa betri za taa zile zile tulizokuwa tunazihudumia, ambazo zilikuwa zimeshiba jua la Singida la wiki iliyopita.

Tulikwenda hivyo siku ile nzima na kesho yake mpaka alasiri. Mara mbili nilitamani kulala. Mara zote mbili nilipowasha laini ya wote ili kusikia nani bado yupo, nilisikia Mkumbo anamtania mteja, Zuhura anambembeleza mwingine, na Mwalimu, kwa sauti iliyokwisha kukauka, anamuuliza mtu fulani wa Sumbawanga jina lake kamili. Basi narudi. Kaniki alipopiga kusema mitambo imewaka na anachukua simu zake, nilimjibu kwa sauti iliyobaki ya kunong'ona tu. Nilitoka nje ya pango langu nikakaa kwenye kizingiti, mama mwenye nyumba akaniletea kuku mzima. Kuku mzima wa kienyeji, peke yangu. Nilimla mpaka mifupa.

Wiki ile ile, kabla hata mwisho wa mwezi haujafika, Bwana Kaniki aliomba niwaunganishe wote. Mkumbo alikuja kwenye laini amekohoa kwanza, kama mtu anayeingia mahakamani. Zuhura aliitikia kwa kunong'ona. Kaniki akaanza, "Nimesikiliza simu zenu za siku zile mbili. Zote. Na wakuu nimewasikilizisha." Nikajua amesimama kama ninavyomjua, mkono mmoja mfukoni. "Walikuwa wamekuja kikaoni na barua ya kuwafunga. Wameichana mbele yangu. Mnabaki. Na si kubaki tu, Veronika, mwaka ujao wanataka tuongeze watu wengine, na wanauliza utawaweka jengo gani." Sauti ilinirudia yote. Nikamwambia, "Hakuna jengo, bosi. Nitawatafuta huko huko waliko, na watakaa majumbani kwao."

Sikuwa nimemaliza kusema, laini ililipuka. Zuhura alikuwa ameweka simu yake kwa sauti kubwa bila kutuambia, na chumbani kwake walikuwa wamejazana wale wanawake wote wa chama, wamebana pumzi muda wote huo wasikilize hatima ya mwenzao. Sasa waliachia vigelegele vya kupasua masikio, wanagonga sufuria, sauti ya mama mkwe ikiwa juu ya zote, na Mwalimu huko Ikungi anasema "Ahsante, Mungu wangu, ahsante" kwa Kinyaturu, tena na tena, hajali nani anasikia. Bwana Kaniki akapiga kelele, "Nini hicho? Veronika, ni nini hicho?"

"Hiyo ni ofisi ya Itigi, bosi," Mkumbo akajibu. "Subiri usikie ya Iguguno." Na tukamsikia anafungua dirisha, anamwita Mzee Kiula awashe mashine.